Godoro la Mjane Jukwaani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, katika ukumbi wa kanisa kule Troyeville, mtaa wa hapa Johannesburg, tulipokuwa tunafanya mazoezi ya opera yangu ya kwanza. Nasema yangu, ingawa muziki ulitungwa na Mtaliano aliyekufa zamani. Mimi nilikuwa mwongozaji, yaani mtu wa kusema nani asimame wapi na afanye nini anapoimba. Nilikuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, mtoto wa Bukavu mwenye mdomo, na wakubwa walinipa onyesho hilo moja wanipime. Nikiliharibu, basi, nirudi kwenye vitabu.

Kuna mahali mjane anamlilia mumewe. Kwa desturi ya opera husimama, mkono kifuani, kama anasubiri kupigwa picha. Mimi nikakataa. Hapa Johannesburg mfiwa anakaa chini, kwenye godoro, na wanawake wanakaa naye. Nikaleta godoro.

Kiongozi wa okestra, mzee mmoja mkali, akalitazama godoro, kisha akanitazama mimi. "Akikaa hapo tumbo litajikunja, sauti haitatoka. Liondoe."

Nilikasirika, we acha tu. Nikaenda mtaa wa Observatory, nyumbani kwa profesa wangu, Mtanzania aliyesimamia utafiti wangu, nikamsomea kurasa nilizoandika kumjibu yule mzee: mila, historia, ukoloni, vyote nilivitia. Akasikiliza huku akinimiminia chai.

"Umeandika vizuri, binti. Lakini mwenzio amekuuliza kuhusu pumzi. Umemjibu wapi?"

Nikazipekua zile kurasa toka mwanzo hadi mwisho.

"Wewe mwenyewe umewahi kukaa hapo chini ukaimba?"

"Bado, Profesa."

"Basi unabishana kuhusu nini?"

Iliniuma, maana alisema kweli. Kesho yake nikaketi kwenye godoro na Thandeka, dada wa Soweto aliyeimba sehemu ya mjane. Tukajaribu miguu mbele, miguu pembeni, magoti. Sauti ikawa inakatika. Thandeka akacheka, akasema kwao mfiwa haachwi akae bila mtu wa kumshikilia. Hata kwetu ni hivyo, mwanangu, na mimi nilikuwa nimemweka peke yake! Nikaita wanawake wawili wa kwaya wakae nyuma yake, wamshike kama msibani. Akawaegemea, mgongo ukanyooka, tumbo likawa huru. Akaimba, na sauti haikukatika tena.

Mazoezi yaliyofuata, kiongozi wa okestra alimsikiliza mpaka mwisho.

"Turudie pale mjane anapoingia," akasema. "Na godoro libaki."

"Sharp," Thandeka akajibu kutoka chini, yaani sawa kwa lugha ya mtaani, na ukumbi mzima ukacheka.

Tangu hapo nimeongoza opera nyingi na kufundisha wengi, na kitabu changu cha kwanza kilianzia kwenye lile godoro. Nakuambia haya kwa sababu jana ulikuja kwangu umevimba, eti wakubwa wa onyesho lako hawakuelewi. Huenda ni kweli hawakuelewi. Hata hivyo, kabla hujawaita wajinga, tafuta katika kukataa kwao kuna swali gani, kisha ulijibu kwa kazi. Mambo ya kwenu usiyaonee haya, yalete jukwaani, ila yafanyie mazoezi kama unavyoufanyia wimbo.

Mungu akubariki, mwanangu, akuzidishie ujasiri. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mkubwa wa kukataa, akupe subira ya kusikiliza mpaka mwisho.