Usiitikie Jambo Lililokupita

Alasiri ile ya kijijini kwetu Kibaoni, mwanangu, sijaisahau mpaka leo. Nilikuwa msichana wa darasa la tano, ingawa wenzangu wa umri wangu walishamaliza la saba. Saratani ilinishika taya nikiwa mdogo. Nikatibiwa mbali, nikachomwa sindano mpaka za mgongoni, za dawa inayopanda hadi kwenye ubongo, nikapona. Nywele zikaota, mashavu yakajaa, watu wakamshukuru Mungu kanisani, na kila mtu akaona yameisha.

Hayakuwa yameisha. Nikiambiwa mambo matatu, la kwanza nalishika, la pili linateleza, la tatu ni kama sikulisikia kabisa. Na wewe unajua tulivyolelewa huku: mtoto mwenye adabu akitumwa na mkubwa anapiga goti, anasema "ndiyo", anaondoka. Kumwambia mkubwa arudie ni ujeuri. Basi nikawa bingwa wa ndiyo.

Siku hiyo tulikuwa shambani tukifukuza ndege kwenye mpunga. Mama akanifunga mgongoni mdogo wangu Deo, aliyekuwa na homa, akaniagiza harakaharaka: nimpeleke nyumbani, nimpe dawa iliyo dirishani, nisipite njia ya mtoni kwa sababu viboko wamehamia pale kwenye kivuko. Nikapiga goti.

"Ndiyo, mama."

Kwenye njia panda nikasimama. Nilijua kuna njia niliyokatazwa, lakini ipi? Nilijaribu kuyavuta maneno ya mama, hayakuja. Deo alikuwa anachemka mgongoni, nami naona aibu kurudi kuuliza. Niliogopa kuonekana mjinga kuliko kitu kingine chochote. Nikashika njia ya mtoni, maana ndiyo fupi.

Matete yalitikisika kabla sijafika kwenye maji. Kisha nikasikia mlio mzito wa kiboko, karibu mno, nikaganda. Mkojo ulinitoka. Hata kupiga kelele nilishindwa. Aliyetuokoa ni baba mkubwa Kasiano, kaka yake baba, aliyekuwa juu kidogo akikata fito.

"Wee! Rudi nyuma polepole! Usikimbie!"

Akanifuata, akanishika mkono, hakuniachia mpaka tulipofika kwa mama. Nilisubiri fimbo. Yeye akamgeukia mama.

"Shemeji, mtoto huyu nyie mnammwagia maneno kama mnajaza gunia. Mwambie moja, arudie, ndo umwambie lingine." Kisha akanitazama mimi. "Na wewe, ndiyo yako ya uongo ingemuua mdogo wako."

Mwanangu, wewe umetoka hospitali juzijuzi, umetibiwa saratani kama mimi, na shuleni wameshaanza kukuita mzembe. Najua unavyotikisa kichwa mwalimu akiuliza kama umeelewa. Acha. Sema, "Samahani, naomba urudie." Andika hata kiganjani. Mama yako amweleze mwalimu, na siku ya kliniki amuulize daktari, kwa sababu ni ugonjwa na matibabu vilivyopita humo kichwani, si uvivu wako. Sikudanganyi kwamba hofu itaisha. Mimi bado naogopa. Nikiachiwa mjukuu, namrudishia mama yake maagizo yote, neno kwa neno, ndipo aondoke. Yeye hucheka. Acha acheke, mtoto yuko salama.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe watu wasiochoka kukurudia, na akuondolee aibu ya kuuliza.