Doa Nililoliweka Kifuani kwa Bi Mize

Siku hiyo naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu. Mikono yangu ilinuka karafuu mbichi, na nguo zangu zilinuka dawa ya kuoshea picha, ile isiyokubali kutoka hata ufue mara mbili. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha sita, na matokeo yangu ya fizikia, kemia na baiolojia yalikuwa mazuri kiasi cha kunilevya.

Nakuandikia wewe unayetaka kusomea shahada ya upigaji picha za uchunguzi, kazi ambayo kwetu Pemba tunaiita eksirei, basi. Wengi wenu mnanijia nyumbani Jadida na vyeti mkononi, na swali lenu ni moja: "Bi Salha, alama zangu zinatosha?" Nami huvitazama vyeti, tukasoma pamoja masharti ya chuo neno kwa neno, kwani kila chuo kina yake na ya mwaka jana huenda si ya mwaka huu. Kisha kabla hujaondoka nakukalisha, nakumiminia chai, nakusimulia habari ya Bi Mize. Leo naiandika, maana mnazidi kuwa wengi na birika langu ni lile lile.

Fomu ya chuo nilichokitaka mimi ilidai barua ya mtu wa kazi hiyo, aliyekuona kwa macho yake ukiwa karibu na wagonjwa. Kwa hivyo nilikwenda kwa Mzee Shaame, mkuu wa chumba cha eksirei hospitalini. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiye na haraka na jambo lolote isipokuwa sala. Aliniambia nikae naye mwezi mmoja, nitazame, nisaidie kidogo, kisha ataandika.

Alinifundisha kwa subira. Mionzi, alisema, hupita kwenye hewa bila tabu na hukwama kwenye kitu kigumu. Ndiyo maana mapafu hutoka meusi, mfupa mweupe, na chuma cheupe kuliko vyote. Alinisimamisha naye nyuma ya ukuta wa madini ya risasi, mionzi isitufikie, nikamsikia akimwambia kila mgonjwa maneno yale yale kwa sauti ile ile, awe sheha au mchukuzi: "Vuta pumzi. Zuia. Haya, pumua." Zama hizo picha ilikuwa filamu, tukiiosha gizani na kuitundika ikauke. Siku hizi inatokea kwenye kompyuta kabla mgonjwa hajafunga vifungo.

Kazi yangu ilikuwa pazia. Wanawake waliokuja kupigwa picha ya kifua walitakiwa wavue mikufu, pini, kila cha chuma, na wengi waliona haya mbele ya mwanamme. Mzee Shaame alifurahi kumpata msichana wa kusimama nao. "Waulize taratibu," aliniambia. "Kisha uliza mara ya pili. Mara ya tatu usiulize, ngoja tu. Atakwambia mwenyewe."

Wiki ya pili akaja Bi Mize. Mtaani hakuna asiyemjua, kwa sababu nusu yetu tulikula mkono wake kila asubuhi: alikuwa akichoma mikate ya mofa katika tanuri la udongo uani kwake, na sinia lake halikuwahi kuliona jua la saa tatu. Alikuwa na kikohozi kisichoisha. Nilimwingiza nyuma ya pazia.

"Una mkufu, bibi?"

"Sina."

"Haya, twende."

Foleni ilikuwa ndefu, na mimi nilitaka nionekane mwepesi. Sikuuliza mara ya pili.

Filamu ilipotoka, ikiwa bado inachuruzika maji, niliona doa jeupe juu ya pafu, kubwa kiasi cha ukucha wa dole gumba. Mzee Shaame aliguna. "Bi Mize asiondoke kwanza," akasema. Hapo adhana ya adhuhuri ikalia. Nikaenda kusali, na kutoka hapo nikapitiliza nyumbani, kwa kuwa siku ile tulikuwa na karafuu za kuchambua.

Kama umelelewa Pemba huna haja ya kuelezwa mkeka wa karafuu. Majirani wamekaa duara, vidole vinatenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, na midomo haina kazi. Bibi yangu alikuwepo, kimya kama kawaida yake.

"Daktari wetu kaja!" akasema shangazi Time. "Tupe habari za mjini."

"Daktari wapi," akadakia jirani mmoja. "Si nasikia anashika pazia tu?"

Wakacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa cha ubaya, mwanangu, lakini kilinichoma pale pale kiburi kilipokaa. Nikasema, "Mshika pazia huyu anaona msiyoyaona. Leo nimeona doa kwenye pafu la mtu anayewalisha nyinyi kila asubuhi."

Sikutaja jina. Pemba nani anahitaji jina? Vidole vyote vilisimama juu ya karafuu. Bibi yangu akajikung'uta kanga yake, akanyanyuka, akaingia ndani.

Siku ya tatu yake Bi Mize alitokea chumba cha eksirei, sinia kichwani, mikate imejaa.

"Shaame mwanangu," akasema, "mbona miye hamkunambia? Watu mmewaambia, mwenye kifua mkaniacha!"

"Tukwambie nini, Bi Mize?"

"Kwamba nina kifua kikuu. Tangu juzi mkate wangu haugusi mtu. Leo kala mbuzi wa sheha tu, naona yeye peke yake ndiye hajasikia."

Alisema kwa mzaha, huku akilitua sinia sakafuni, mikate yote ndani. Mzee Shaame hakuuliza ni nani. Alinitazama mara moja tu, nikahisi nimesimamishwa mimi mbele ya mashine. Alitundika filamu mbili kwenye taa. Ya kwanza ilikuwa na doa. Ya pili, mbavu zile zile, mapafu yale yale, safi kabisa.

"Tazama kingo za hili doa," akaniambia. "Zimenyooka. Maradhi gani yana kona nne?"

Bi Mize akaingiza mkono kifuani, akatoa hirizi ya mama yake, imefungwa ndani ya kibati cha fedha. "Si hii hapa," akasema. "Uliponiuliza mkufu, mkufu sina. Hii niliona haya kuisema, nawe mtoto ulikuwa na haraka. Ulipoondoka Shaame aliniuliza tena, nikaivua." Kikohozi chake kilikuwa cha moshi wa tanuri.

Alipokwenda zake, Mzee Shaame alifunga mlango.

"Salha, hili doa kaliweka nani?"

"Hirizi, Mzee."

"Kwenye filamu uliliweka wewe, kwa kutouliza. Na mtaani ukaliweka tena."

Nikaanza kulia. Nikasema nitakwenda kuwaambia watu kwamba haikuwa kweli.

"Na ingekuwa kweli?" akauliza.

Akakaa, akaniashiria nami nikae, na sauti yake ikashuka. "Angekuwa nacho, angepewa dawa akapona, na wakajua wale tu anaotaka yeye wajue. Hiyo ilikuwa haki yake, nawe umeigawa mkekani. Bibi yako kaosha maiti mtaani kwenu tangu sijaoa. Ushawahi kumsikia akisimulia alichokiona?"

"Sijawahi."

"Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Sisi humu ndani, mwanangu, ni waosha wa walio hai."

Kisha akaniambia barua haandiki. Nikamkumbusha kwamba fomu inafungwa wiki ijayo. "Najua," akasema. "Siku Bi Mize atakaponiambia kwamba yuko radhi ulishike pazia lake tena, siku hiyo nitaandika."

Nyumbani nilimlilia bibi. Hakunigombeza. Alinifuta uso kwa pindo la kanga, akasema neno moja: "Palipofunuliwa ndipo pa kufunika."

Basi kesho yake nikarudi mkekani. Nilikuwa nimejitungia maneno mengi, yote yakapotea. Nikasema tu kwamba nilisema nisilolijua, na kwamba hata ningelijua halikuwa langu kulisema.

"Hatukukulazimisha," akasema shangazi Time.

"Hamkunilazimisha, shangazi. Ndiyo maana kosa ni langu."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa uani kwa Bi Mize kabla jua halijapanda. Alinitazama toka unyayo hadi utosi. "Umekuja kunipiga picha nyengine?"

"Nimekuja kukuomba radhi, bibi."

"Radhi nimekupa. Lakini radhi haimalizi mikate. Kaa kizingitini hapo ule, wapitao wakuone."

Nikala mofa hadharani siku hiyo, na kesho yake, na wiki nzima, na mwezi. Mtoto wa eksirei anakula, basi labda pana usalama. Nilidhani watu watarudi upesi kama walivyoondoka. Hawakurudi hivyo, mwanangu. Neno huondoka mbio, kulirudisha ni kwa mwendo wa kobe. Akarudi mmoja, kisha wawili, na huku fomu ikafungwa. Wenzangu wa skuli wakasafiri kwenda vyuoni, nami nikabaki nachochea moto wa Bi Mize asubuhi na kukaa nje ya chumba cha eksirei mchana, nikiwaonyesha wagonjwa njia. Pazia sikuligusa.

Ilikuwa Ramadhani, mikate ikiuzwa jioni kwa futari, ndipo sinia lilipoanza kurudi tupu tena. Baada ya Idi Bi Mize akaenda mwenyewe kwa Mzee Shaame. "Huyu mtoto alikuwa mbichi," akamwambia. "Nimemrudisha tanurini. Mwandikie."

Barua alinipa wazi niisome. Alieleza muda niliokaa naye na niliyojifunza, na mwisho akaandika: "Huuliza mara ya pili, na akiona hasimulii." Mwaka ule nikapata nafasi. Kawia ufike, walisema wazee, nami nilikawia nikafika, na sijaujutia ule mwaka.

Nilihitimu, nikarudi, nikapewa chumba kile kile. Miaka mingi baadaye Bi Mize alikuja tena, mkongwe sasa, anashikwa mkono. Nyuma ya pazia nilimuuliza mara moja, nikamuuliza mara ya pili, nikangoja. Akacheka, akatoa hirizi, akaiweka kiganjani mwangu. "Siku hizi unajua kungoja," akasema.

Picha ikatoka. Jioni ile mkekani shangazi Time, naye kazeeka, akanisogelea. "Tumesikia Bi Mize alikuja kwako. Ana nini?"

"Shangazi," nikasema, "karafuu zako zimejaa makonyo."

Akanitazama, kisha akainama akachambua. Habari ya hirizi Bi Mize mwenyewe alinipa ruhusa niisimulie, alisema, "Wape vijana, wacheke, wajifunze." Niliyoyaona kwenye picha ile ya mwisho hakunipa ruhusa, na Mungu amrehemu. Hata hapa sitayaandika.

Sasa sikiliza, mwanangu. Fizikia usiiogope, ndiyo itakayokueleza kwa nini mfupa ni mweupe, na anayejua sababu hababaiki mashine ikibadilika. Masharti ya chuo yasome mwenyewe kutoka kwa chuo chenyewe, wala usitegemee uliyosikia barazani. Na kabla hujajaza fomu, omba ruhusa ukakae hata wiki moja nje ya chumba cha eksirei, uwatazame watu wanavyoingia na hofu zao wamezificha chini ya nguo. Ukiona unataka kuwahudumia kuliko unavyotaka kuonekana, jaza. Ukikosa nafasi mwaka huu, usilie sana; mwaka mmoja si umri, na huenda una kitu cha kujifunza ambacho hakimo vitabuni. Lakini alama zako zikikuingiza chuoni, jua zimekufikisha mlangoni tu. Ulimi hauna mfupa, hata sisi picha yake hatuipati vizuri, kwa hivyo hakuna wa kuulinda ila wewe.

Tunamwambia mgonjwa azuie pumzi, picha isitikisike. Zuia na wewe.

Nenda na radhi zangu, na za Mzee Shaame, na za bibi yangu aliyeosha wengi akazikwa na siri zao. Mwenyezi Mungu akufungulie mlango wa chuo kwa wakati wake, akupe macho ya kuona kilichojificha, akupe na kifua cha kukihifadhi. Amin.