Filemón, Mwenye Miguno ya Jasusi

Hili ninaloandika hamtaliamini, na wala sitawabembeleza. Yule jasusi wa sinema, anayeruka kutoka kwenye ndege bila tai yake kupinda, anayebusu wanawake huku bomu likilia pembeni, anaishi juu ya kibanda changu cha torta, mikate ya kujazwa nyama, hapa mtaa wa Doctores, jijini Mexico. Ana kitambi na anaogopa lifti. Anaitwa Filemón Arriaga. Mwenye sura kwenye picha ni Mwingereza, anachezesha midomo tu. Kihispania kinachotoka ni cha Filemón. Nilimsimamia bintiye ubatizo, tunaitana kompadre, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Sinema zenyewe ni upuuzi mtupu. Ya kwanza, adui anataka kuyeyusha dunia. Ya pili, anataka kuigandisha. Ya tatu sijui, nilikuwa nacheka. Lakini mtaa mzima ulikwenda, maana hatukufuata jambo jipya. Tulikwenda kumsikia mtu yuleyule akiwatania wenye bunduki kwa sauti ileile, kama unavyorudia supu ya shangazi yako.

Ikaja ya nne. Kampuni ikaona Filemón amechakaa, kazi ikampa kijana mwimbaji wa televisheni, mwenye nywele kama jogoo aliyenyeshewa. Kompadre akawa bubu. Hata torta akaagiza kwa kidole.

"Sema basi, kompadre," nikamchokoza. "Au tumbo nalo wamempa mwimbaji?"

"Nipe mkate wangu, Nabor. Usinitibue."

Kumbe mwimbaji alisoma maneno yote, ila miguno akaikataa. Kukabwa, kupigwa ngumi, kuanguka kutoka ghorofani: eti vitamharibia koo lake la dhahabu. Studio zetu hurekodi miguno peke yake, basi wakampigia simu Filemón: njoo ukabwe wewe.

"Usiende!" nikamwambia. "Yeye ale nyama, wewe umgunie?"

"Nikikataa, ya tano hawatanikumbuka kabisa. Nitakwenda. Ila nitaguna ninavyojua mimi."

Siku ya kwanza ya kuonyeshwa sinema, ukumbi ulijaa. Jasusi akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mtoto anayeomba peremende. Mara jitu likamtandika ngumi ya tumbo. "Uuuf... aah... he-he!" Mguno wa Filemón una kicheko mkiani, hauigiki.

Doña Eduviges, fundi cherehani wetu, akaruka kitini. "Ndiye huyo! Mpige tena, baba, mpige!"

Basi ukumbi ukahamia upande wa wahalifu. Jasusi akiongea, mbinja za kumzomea, akikabwa, makofi. Akiponyoka, watu wanasikitika. Sijawahi kuona umma ukimwombea shujaa wake kipigo kwa moyo safi namna ile. Na kumbi nyingine zikafanya vivyo hivyo, hadi wenye kampuni wakasikia.

Sehemu ya tano wamemrudishia Filemón, maneno na miguno. Mkurugenzi mwenyewe alikuja kibandani kwangu, akapiga magoti kwenye mafuta ya soseji, akalia, akambusu kompadre viatu, na nyuma yake yule mwimbaji amebeba shada la maua, anavuta farasi mweupe ambaye...

"Nabor!" Ni Filemón, anachungulia begani kwangu huku akitafuna. "Farasi gani? Alinipigia karani, tena jina langu akalikosea. Futa hapo!"