Ncha ya Sindano ya Antonia

Bibi Katarina alipoanza kupoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya presha ya macho, binti yake Antonia alimtoa Kainam, kule Mbulu, akamleta kuishi naye Karatu. Bibi hakulalamika sana kuhusu giza. Alichoogopa ni kusahau.

"Kilima cha nyuma ya nyumba yetu," aliuliza siku moja, "kilikuwa na migongo miwili au mmoja?"

Antonia ni fundi cherehani, anashona sare za shule kwenye kibanda mjini pamoja na mwenzake Zuena. Swali lile lilimkaa moyoni. Jumamosi iliyofuata alimfuata jirani yake Felista, aliyekuwa akiwafundisha wanawake wa parokia kutengeneza picha za mandhari kwa manyoya ya kondoo. Kazi yenyewe haina uzi. Unatandaza manyoya yaliyotiwa rangi juu ya kitambaa, chini yake unaweka kipande cha godoro, halafu unadunga kwa sindano ndefu yenye vijino mpaka manyoya yashikane.

Antonia alidhani ataiweza upesi. Wiki ya kwanza alijichoma vidole vitatu.

"Mkono wa cherehani huo," Felista alimcheka. "Polepole. Iingie wima, itoke wima. Ukiilaza inakatika."

Picha ilimchukua miezi miwili. Kilima alikijaza manyoya mengi ili kiinuke, bonde la kijito akalibana likawa jembamba na gumu, mikaratusi akaisimamisha mmoja mmoja. Jumapili baada ya misa alimwekea mama yake picha mapajani.

Vidole vya bibi vilipanda kilima, vikatulia.

"Miwili," alisema kwa sauti ndogo. "Nilijua ni miwili." Siku nzima hakuiachia.

Jumatatu asubuhi, kibandani, Antonia alitoa sindano amwonyeshe Zuena. Aliona imekuwa fupi. Ncha haipo.

Akakumbuka kitu kilichosema *tik* Jumamosi alipokuwa akimalizia picha, naye akaendelea kudunga.

"Dada, ipo ndani ya picha!" Zuena alisema, akamkabidhi sumaku yao ya kuokotea pini. "Nenda! Mimi nipo hapa."

Bodaboda ilimfikisha baada ya dakika kumi. Alimkuta mama yake amelala kwenye kiti, picha ameikumbatia shavuni. Antonia akaivuta.

"Unaninyang'anya kwetu?" bibi akashtuka.

"Mama, nionyeshe vidole. Kuna kinachokuuma?"

"Hakuna. Kuna nini?"

Alimkagua vidole vyote, shavu, mpaka midomo. Akapitisha sumaku juu ya kilima, juu ya bonde, akageuza picha akapitisha nyuma. Haikunasa kitu. Hapo ndipo alipoogopa zaidi, maana kutokuiona si kwamba haipo. Akampigia Felista.

"Kile kipande cha godoro umekiangalia?" Felista aliuliza.

Hakuwa amekiangalia. Alikitoa chini ya kitanda, akasogeza sumaku. Kitu kikainuka ndani ya sponji, kidogo kama punje ya ulezi, kikang'ang'ania sumaku. Akakitoa na kibanio, akakiunga na sindano iliyokatika, akaviweka kando ya sindano nzima. Urefu ukalingana sawasawa. Hakikupungua hata kijino.

Antonia alikaa chini sakafuni. Alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena, na mama yake akamtafuta kichwa kwa mkono akakishika.

"Basi, mwanangu. Imepatikana?"

"Imepatikana, mama. Yote."

"Haya, nipe picha yangu." Akaipapasa tena, taratibu. "Ila kijito umekikosea. Kilipita huku, chini ya mikaratusi."

Antonia akafuta macho, akachukua sindano mpya na manyoya ya buluu, akavuta kigoda. Bibi akamwekea kidole mahali penyewe.