Baki la Bibi Salma na Injini ya Teksi

Majira yale ya baridi mikono ya Mama ilinuka vitu viwili kwa pamoja, mafuta ya nywele na grisi, na hadi leo sijui jinsi ya kuieleza harufu hiyo kwa mtu ambaye hakukaa karibu naye. Kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana alisuka nywele katika saluni moja ya Overport, hapa Durban. Baada ya hapo tulipanda teksi mbili hadi Bluff, na huko alivaa ovaroli juu ya gauni lake la kazi, akajifunga kitambaa kichwani na kuingia chini ya gari. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Shule zilikuwa zimefungwa, Baba alikuwa kazini Johannesburg, na nyumbani kwetu Sydenham hakukuwa na mtu wa kubaki nami, kwa hiyo nilimfuata kila alikokwenda.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu, baki kama wasemavyo watu wa hapa, lenye taa za duara na gia ya kwenye usukani, lililotengenezwa kabla Mama hajazaliwa. Lilikuwa la marehemu mume wa Bibi Salma, mjane wa ukoo wa Wazanzibari wa Bluff. Kwa miaka mingi mzee huyo alilibebea samaki, na mtaa ulipopata msiba alilitoa bila kuombwa. Tangu afariki lilikuwa limekaa gerejini nyuma ya nyumba mpaka injini ikashikana kwa kutu. Yusufu, mtoto wa Bibi Salma aliyefanya kazi bandarini, alitaka lichukuliwe kama chuma chakavu ili gereji ipate kazi nyingine. Siku moja Bibi Salma alikuja saluni akiwa na huzuni, na wakati Mama akimsuka katika chumba cha nyuma, alimwaga yote yaliyokuwa moyoni. Mama alimsikiliza bila kuacha kusuka. Kisha akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba injini ile haiponi tena, lakini gari linaweza kuwekewa nyingine, ya kisasa, pamoja na giaboksi yake, na kwamba yeye anaweza kuifanya kazi hiyo.

Wenzake saluni walicheka. Hawakujua kwamba Mama alilelewa katika gereji ya baba yake kule Bukavu, kwamba akiwa na umri wangu alikuwa ameshafungua na kufunga giaboksi nzima. Tangu tufike Durban hakuna aliyewahi kumuuliza juu ya jambo lolote isipokuwa nywele. Bibi Salma hakucheka. Aligeuza kichwa, nywele zikiwa nusu zimesukwa, akasema, "Mwanangu, ukilifanya litembee, gereji ile itumie kwa kazi zako." Yusufu alikubali kwa shingo upande na kuweka siku ya mwisho: shule zikifunguliwa, lori la chuma chakavu litakuja.

Injini tuliipata kwenye yadi ya magari mabovu, ndani ya teksi iliyopinduka, ikiwa imeungana na giaboksi yake ya gia tano. Kazi iliyofuata niliiona kwa macho yangu, tena kwa karibu. Mama aliitoa ile injini ya zamani kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti, akapima nafasi iliyobaki kwa kamba na kijiti, akachora kwa chaki kwenye sakafu. Alichomelea vishikizo vipya kwenye chesisi. Alikata sakafu ya gari ili mkono wa gia upite, kwa kuwa sasa gia ingekuwa chini, si kwenye usukani. Shafti ya kupeleka nguvu nyuma ilikuwa ndefu mno; alimpelekea fundi wa mashine aikate na kuisawazisha, na iliporudi akaipima mwenyewe mara tatu kabla ya kuifunga. Jioni vijana wa mtaa walisimama mlangoni kutazama mwanamke akichomelea. Mama hakuwahi kuwageukia.

Kilichomtisha kilikuwa nyaya. Injini alizozijua Bukavu hazikuwa na kompyuta, na hii ilikuwa nayo, sanduku dogo la chuma lenye nyaya nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza, na Mama alisoma kwa Kifaransa. Basi mimi nilikaa juu ya tairi nikisoma kwa sauti, sentensi moja moja, nikiigeuza Kiswahili, naye akirudia maneno yangu huku akiufuata kila waya kwa kidole. Nilipokosea aligundua kabla yangu, kwa sababu waya haukufika nilikosema. Hapo nilielewa kwamba Kiingereza nilikuwa nacho mimi, lakini maarifa yalikuwa yake.

Zilipobaki siku tatu, aligeuza swichi. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikuwaka. Siku ya pili vilevile. Yusufu alitoka kazini akasimama mlangoni na kofia yake ngumu mkononi. "Eish, Mama Neema," alisema bila ubaya, "umejaribu. Nitawapigia wale wa chuma kesho." Mama alijibu, "Ngoja kesho ifike kwanza." Kisha akaketi chini na kuniambia, "Neema, soma tena. Tangu mwanzo. Iko kitu tumekiruka."

Nilisoma tangu mwanzo, sauti ikinikauka. Katika ukurasa ambao tuliuruka kwa sababu ulihusu wezi wa magari, iliandikwa kwamba ndani ya kichwa cha ufunguo mna kipande kidogo ambacho kompyuta hukitambua, na bila kipande hicho haitaruhusu injini kuwaka. Sisi tulikuwa tunatumia ufunguo wa zamani wa baki. Mama aliniomba nirudie. Niliporudia alifumba macho, akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

Asubuhi hakwenda saluni. Yadini walituletea ndoo nzima ya funguo, tukapekua mpaka tukaupata ule wenye namba ya teksi yetu kwenye kibandiko. Haukuingia kwenye swichi ya baki, kwa hiyo Mama aliufunga kando yake, pale kompyuta ilipoweza kukitambua kile kipande. Saa nane kasoro dakika chache mchana injini iliwaka mara ya kwanza, laini, kana kwamba haikuwahi kukataa. Yusufu alikuwepo, simu ya kuwapigia wale watu ikiwa bado mkononi. Akaiweka mfukoni, akaenda kumfungulia mama yake mlango wa gari. Mama alikanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza, na baki likapanda mlima wa Bluff na Bibi Salma mbele, mimi na Yusufu nyuma tukishikilia ubao. Majirani walitoka nje. Bibi Salma hakupunga mkono. Alikuwa analia, na Mama alimwacha alie, akabadilisha gia kwa utulivu hadi ya nne.

Mama aliacha saluni mwezi uliofuata. Gereji ile bado ni yake, na sasa ana mafundi wanaomwita Bosi. Mimi nafanya kazi ofisini, nina shahada, na gari langu hubadilisha gia lenyewe. Taa nyekundu ikiwaka nampigia yeye. Watu huniambia nimefika mbali kuliko wazazi wangu. Huwa nawajibu hapana. Sijawahi bado kusimama mbele ya watu wanaonicheka, nikiwa na kitabu nisichoweza kukisoma, nikasema naweza, kisha nikaweza.