Maneno Aliyoyatoa Mama

Tangawizi iliyooza haina ule ukali wa kuwasha pua. Inanuka kama gunia la viazi lililosahauliwa mvuani. Harufu hiyo iliingia nyumbani kwetu milimani, juu ya Same, nilipokuwa darasa la saba. Kahawa ilikuwa imekosa bei, malori ya watu binafsi yameanza kupanda mlima kufuata tangawizi, na ada yangu ya sekondari ilikuwa bado iko ardhini. Shamba lenyewe baba alilipanda mwaka aliofariki. Sasa majani ya upande wa bondeni yalikuwa yakigeuka njano, na bwana shamba wetu alishahamishwa bila kuletwa mwingine. Mama hakuwa mtu wa kukaa akishika tama. Tukateremka na basi la alfajiri hadi Same, kwenye chumba cha intaneti karibu na stendi.

Mhudumu wake, dada Rehema, alimwamkia mama shikamoo, akaniketisha mbele ya kompyuta, akasema tuandike tunachotafuta. Mama akaanza kama anayebisha hodi kwa jirani: salamu kwanza, kijiji alikotoka, jina lake, kwamba shamba ni la marehemu mumewe Elieza aliyelilima kwa mikono yake, na kwamba tangawizi inaumwa, majani njano, mizizi inaoza, maji yametuama bondeni. Niliandika yote kwa kidole kimoja, kwa madaha makubwa. Zikaja habari za makwaya na matangazo ya misiba. Nikacheka, mama akanikata jicho.

“Mama, hii haimjui mtu,” dada Rehema alisema kwa upole. “Bakiza yale tu ambayo ukiyatoa, ugonjwa unakuwa mwingine.”

Kijiji kikatoka bila shida. Jina la mama likatoka. Alipofika kwa baba aliweka kidole juu ya jina lake kwenye kioo. “Na huyu naye atoke?”

“Atoke, mama.”

Nikafuta herufi moja moja, nikiogopa kumtazama usoni. Niliumia, kana kwamba mimi ndiye niliyemtoa baba shambani kwake. Yakabaki tangawizi, njano, kuoza, maji. Dada Rehema akayaweka kwa Kiingereza, maana Kiswahili kilikuwa bado kichache humo, na jibu likaja: ng’oeni zilizougua, zichomeni, chimbeni mifereji maji yasituame, wala msipande tena mbegu ile. Tulifanya hivyo wiki nzima, matope hadi magotini. Nusu ya shamba ilipona, na ikatosha kunipeleka sekondari.

Siku hizi ningeweza kuiandikia simu habari nzima, jina la baba likiwamo, na jibu likaja bila kusuasua. Ni raha, sikatai. Ila mkono umeshazoea: naandika maneno matatu au manne, napata ninachotaka. Kisha nampigia mama, tunamzungumzia baba mpaka salio linakwisha.