Udongo wa Tantine Faida

Wiki iliyopita nilikwenda sokoni kununua ndizi, mvua ikiwa imetoka tu kunyesha, na pua yangu ikanisimamisha kabla miguu haijajua sababu. Mama mmoja alikuwa ametandika gunia chini, na juu yake amepanga vijiti vya udongo wa kula, vya kijivu, vilivyokaushwa kwa moshi. Harufu yake mnaijua hata kama hamjawahi kuutia mdomoni: ni ile ya matone ya kwanza ya mvua yanapopiga vumbi, na moshi wa kuni kwa mbali. Nilisimama pale nikivuta pumzi mpaka yule mama akaniuliza kama nina mimba. Nikacheka, nikamwambia hapana, ninakumbuka Noeli.

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu mwenye homa. Yeye sikumweleza. Ninyi nitawaeleza.

Nilikulia Mabanga, katika nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe ya volkano. Kama hamjafika Goma, jueni kwamba kwetu mtoto hachezi matope, kwa sababu chini ya miguu ni mawe meusi yenye makali, yanayomaliza viatu kabla mwaka wa shule haujafika katikati. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililonipa taabu.

Mama yangu mzazi ndiye aliyetuwekea desturi yetu ya Noeli. Mwezi wa kumi na mbili ulipoanza, aliandika majina ya watu wa nyumbani kwenye vipande vya karatasi, akavitia ndani ya sufuria, na kila mmoja wetu akachota jina. Uliyemchota ulimtengenezea zawadi kwa mikono yako. Kununua kulikatazwa. “Kitu ya kununua inatoka mu mufuko,” alikuwa akisema, “ya kutengeneza inatoka mu vidole.” Basi tulitoboa mikebe ya nyanya kwa msumari tukapata taa zinazomwaga nyota ukutani. Tuliyeyusha masalio ya sabuni pamoja na majani ya mchaichai, tukaviringisha karatasi za magazeti kuwa shanga. Papa, mwalimu mwenye vidole vizito kama ndizi za kuchoma, kila mwaka alitengeneza mwiko, na kila mwaka mwiko ule ulipinda upande uleule.

Kisha Mama akaugua, akatuacha, na Noeli ikapita kama siku ya kawaida. Iliyofuata nayo ikapita hivyo.

Ndipo Papa alipomleta Tantine Faida. Kwetu Tantine ni shangazi, ni mama mdogo, ni mwanamke yeyote unayemheshimu bila kujua bado umweke wapi. Alikuwa mrefu, mpole, mtu wa upande wa Bukavu. Alipokuwa akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, aliimba polepole kwa Kimashi, lugha ya kwao, na sisi hatukuelewa hata neno. Kaka yangu Espoir, aliyekuwa ameshaanza kuota ndevu tatu, alimjibu kwa “ndiyo” na “hapana” tu. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Sikumchukia wala kumpenda. Nilikuwa nikimtazama tu, jinsi unavyomtazama mgeni kanisani.

Nyogokuru, mama yake Papa, ambaye alikuja kutoka Rutshuru kukaa nasi, hakumtazama hata kwa namna hiyo. Watu wa kwao ni wafugaji, na yeye mambo yote aliyapima kwa ng’ombe. “Ng’ombe anayekula majani bila kuleta ndama,” alisema siku moja, akiongea na ukuta, “huyo anapendeza macho tu.” Tantine alikuwa akiosha vyombo hatua chache kutoka pale. Maji hayakuacha kusikika, ila yalimwagika polepole zaidi.

Mwaka ule, ilipokaribia Noeli, Tantine mwenyewe aliweka sufuria mezani, ndani yake vipande vya karatasi. “Papa yenu aliniambia vile mulikuwa munafanya,” alisema. “Nilisema tuanze tena, kama munakubali.” Espoir alitazama dirishani. Nyogokuru alikohoa. Kwa kuwa hakuna aliyenyoosha mkono, niliunyoosha mimi. Nilifungua karatasi yangu chini ya meza, nikasoma: Faida.

Nikaingiwa na swali lililonikosesha utulivu siku nyingi: mtu huyu anapenda nini?

Espoir alisema hajui na hataki kujua. Papa nilipomuuliza alisema, “Anapenda amani,” jibu ambalo haliwezi kutiwa ndani ya mkebe. Nikaamua kupeleleza. Niligundua kwamba chai aliiacha ipoe bila kuinywa. Niligundua kwamba sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu ambao kila mtu wa Goma huwakimbilia, wakianza kukaangwa, yeye alitoka nje akiziba pua. Niliandika moyoni: hapendi chai, hapendi samaki. Kila siku nilijua zaidi asichokipenda.

Hadi mchana mmoja, nilipokuwa nimejificha nyuma ya tangi la maji ya mvua, nikamwona akitazama huku na huku. Alifungua fundo kwenye pembe ya kikwembe chake, kitenge alichojifunga kiunoni, akatoa kitu cha kijivu, akakiuma. Kilivunjika kwa mlio wa jiwe dogo. Alifumba macho, na uso wake ukatulia kama uso wa mtoto aliyeacha kulia.

Nikafikiri: kumbe watu wa Bukavu wanakula mawe!

Msinicheke. Niliokota jiwe la volkano nikalilamba. Lilikuwa na ladha ya chuma na mguu wa mtu. Alipoondoka nilikwenda pale alipokuwa amesimama, nikakuta chembe moja imeanguka, nikaiweka ulimini. Iliyeyuka. Haikuwa tamu wala chungu. Ilikuwa mvua iliyogeuka unga. Nikarukaruka kwa furaha nyuma ya lile tangi. Nilikuwa nimeipata zawadi!

Sasa niutengeneze vipi, nami naishi juu ya mawe? Nilikwenda kwa Mama Riziki, aliyeuza udongo huo pamoja na karanga kwenye soko letu dogo.

“Mama, hii kitu inatengenezwa namna gani?”

“Juu ya nini unauliza, mutoto?”

“Nataka kumutengenezea mutu wa kwetu. Anaipenda sana, lakini anakula kwa kujificha.”

Mama Riziki aliacha kupima karanga. “Ni mwanamuke?”

“Ndiyo. Bibi mupya ya Papa.”

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa, na mimi sikuona kilichomchekesha. Kisha akanieleza kwa utaratibu, kama anayemfundisha binti yake. Udongo hautoki juu ambako watu wanalima. Unachimbwa ndani, penye ukingo uliokatwa. Unaupepeta, unaulowesha kwa maji kidogo kuliko unavyodhani, unaukanda, unaukausha kwa moshi bila kuutia motoni. “Na uweke chumvi kidogo,” alisema. “Wa namna yake wanapenda chumvi.”

Wa namna gani? Hakusema, nami nikadhani ni watu wa Bukavu.

Udongo aliniletea Papa mudogo Bahati, mdogo wake Papa, aliyekuwa akisukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, akishusha kabichi kutoka milima ya upande wa Sake. Mfuko wa kwanza ulikuwa umejaa mizizi na mnyoo mmoja aliye hai. Nilimrudishia mfuko wake. Alinung’unika kwamba hajawahi kuona mji ambao watoto wanaagiza udongo, lakini safari iliyofuata alisimama penye ukingo wa barabara, akachimba ndani hadi mkono ukazama kiwikoni. Huo ulikuwa laini, wa kijivu, na harufu yake ndiyo ileile. Papa mudogo hakuuliza ni wa nini. Alidhani nataka kupanda kitunguu.

Nilifanya kazi wakati Tantine akiwa mazoezini na kwaya ya parokia. Nilipepeta kwa kitambaa cha pazia, nikakanda, nikatengeneza vijiti. Vyote vikapasuka. Nikapunguza maji. Vikapasuka kidogo. Nikapunguza tena, nikaviweka juu ya bati lililoinuliwa kwa mawe juu ya mbabula, jiko letu, mkaa ukiwa umeshazimika nusu, na nikatupia maganda ya kuni mabichi ili moshi uwe mzito. Macho yaliniwasha hadi Jumatatu. Lakini vilikauka vizima, na kwa kiburi cha fundi nikaacha vijiti, nikaanza kutengeneza nyota, na msalaba, na ng’ombe mmoja ambaye pembe zake zilikataa. Nikavipanga ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, nikaufunika kwa kipande cha sare yangu ya zamani ya shule.

Siku ya Noeli tulirudi kutoka misa tukala wali, sombe na kuku, kisha tukakaa sebuleni kwa zawadi. Papa alipewa na Espoir burashi ya viatu iliyotengenezwa kwa nyuzi za mkonge. Tantine alikuwa amemchota Nyogokuru. Akampa soksi za sufu alizofuma mwenyewe, nene, za rangi ya maziwa, kwa sababu miguu yake ilikuwa ikiumwa na baridi. Nyogokuru alisema aksanti, akaziweka pembeni bila kuzijaribu. Sote tuliona. Papa akakazana kusifia burashi.

Ndipo nikasimama na mkebe wangu. “Tantine, hii ni yako. Nimetengeneza mimi mwenyewe.”

Alifungua kitambaa akitabasamu. Tabasamu likabaki mdomoni, lakini macho yakaondoka. Akageuza mkebe kidogo kuelekea kifuani, kama mtu anayeficha karata. Nyogokuru, ambaye alisema haoni hata sindano, akanyoosha shingo.

“Ni nini?” aliuliza Papa.

“Ni udongo wa kula!” nikasema kwa sauti ya ushindi. “Anaupenda sana. Niliona.”

Mimi nilingoja makofi. Hayakuja. Espoir alinitazama, akamtazama Tantine, akainamia viatu vyake. Papa alikuwa ameshika burashi hewani. Nje watoto wa jirani walikuwa wakipiga vifuniko vya sufuria, na sauti ile ilijaa nyumba nzima. Nikaanza kuhisi kwamba nimevunja kitu, lakini sikujua ni kipi. Midomo ikaanza kunitetemeka.

Tantine aliniona. Alitia mkono ndani ya mkebe, akatoa yule ng’ombe asiye na pembe, akamtazama vizuri pande zote. Kisha akamuuma kichwa, mbele ya watu wote, akatafuna. Mlio ulisikika.

“Iko na chumvi,” alisema. “Muzuri sana. Aksanti, mutoto wangu.”

“Faida?” Papa akasema kwa sauti ndogo.

“Ni kweli,” Tantine akamjibu. “Nilikuwa nangoja kidogo.”

Nyogokuru aliinuka. Nilidhani anatoka nje. Alivuka sebule kwa miguu yake mitupu, akaketi karibu na Tantine hadi mabega yakagusana, akatia mkono ndani ya mkebe wangu bila kuomba ruhusa. “Nipe na mimi,” alisema. “Tangu mimba ya huyu baba yenu sijaonja.” Akala nyota. Akafumba macho vilevile kama Tantine nyuma ya tangi. Kisha akapiga vigelegele kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, mpaka watoto wa jirani wakanyamaza.

Espoir ndiye aliyeninong’oneza maana yake. Nilikasirika kwamba dunia nzima, pamoja na Mama Riziki wa karanga, ilikuwa ikijua jambo la nyumbani kwetu kabla yangu, mimi niliyepeleleza.

Jioni Tantine aliniita jikoni. “Uliniona wapi?”

“Nyuma ya tangi. Nilizania unakula jiwe. Na mimi nililamba moja.”

Alicheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kicheko chake kizima. Kisha akanishika shavu kwa mkono wenye maji. “Nilikuwa naogopa kusema,” alisema. “Nilikuwa nazania nikisema, itaenda.”

Sikuuliza ni nini kitakachokwenda. Nilikuwa na miaka tisa, na kulikuwa na kuku aliyebaki.

Mtoto alizaliwa mwaka uliofuata, msichana mwenye sauti kubwa, na Nyogokuru ndiye aliyempa jina. Siku moja nilijaribu kumwita Tantine “Mama,” kwa kuwa mdogo wangu alimwita hivyo. Alikataa kwa upole. “Ile jina iko na mwenyewe,” alisema. “Mimi nilishazoea Tantine.” Hadi leo ndivyo tunavyomwita, hata Espoir, ambaye siku hizi humpigia simu kabla ya kumpigia Papa.

Mambo mengine niliyajua nikiwa mtu mzima, nilipopoteza mimba yangu ya kwanza. Tantine alikuja kwangu Keshero, akanipikia uji, na akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kulisema nyumbani: kabla ya kukutana na Papa alikuwa ameshapoteza watoto wawili tumboni, na mara zote mbili alikuwa ametangaza mapema, akiwa na furaha. Ndiyo maana mara ya tatu alifunga mdomo. Aliamini kwamba neno likitoka, mtoto naye anatoka.

Nililala nikiwaza ule mkebe. Ingekuwa rahisi kwake kuficha. Angeweza kucheka na kusema, “Mutoto huyu na vituko vyake,” na kila mtu angecheka pamoja naye, na siri yake ingebaki salama ndani ya kikwembe. Ningebaki mimi tu katikati ya sebule, na zawadi yangu ya kijinga.

Asubuhi nilimuuliza. “Tantine, siku ile haukuogopa?”

“Niliogopa sana,” alijibu, akikoroga uji bila kugeuka. “Lakini wewe ulikuwa unaniangalia.”

Siku ile ya Noeli alikuwa na watoto wawili anaoweza kuwapoteza, mmoja tumboni, mmoja amesimama mbele yake midomo ikitetemeka. Hakukubali kumpoteza hata mmoja.